Yule binti aliyepima damu ya watoto wa shule Mbinga, akarudi na jibu

Wakuu, habari zenu. Shikamoo za walio wadogo kwangu nimeshazipokea. Nimeishia darasa la nne, herufi msinisahihishe. Haya niliyaona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Ni miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupanda huku kwetu milimani. Gari geni likiingia, tunadhani ni mnunuzi, tunakimbilia kuanua kahawa.

Siku hiyo gari likatupita, likaenda shuleni. Akashuka binti mtafiti, mtu wa mkoa mwingine. Anataka damu kidogo ya wanafunzi, ajue ni wangapi wameshakutana na magonjwa ya mbu, kupe, papasi na panya.

Jirani yangu Mama Otmari akasema, "Damu hiyo inakwenda kuuzwa." Wengi wakaficha watoto.

Mimi nilikuwa na mjukuu, Hyasinta, darasa la saba. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Malaria katibiwa mpaka kachoka. Mwalimu alishasema akizidi kukosa shule, mtihani hafanyi.

Nikamfuata binti.

"Ukimtoa damu utampa dawa?"

"Hapana, bibi. Nitakuletea jibu tu."

"Jibu linatibu?"

"Halitibu. Lakini wa kumtibu atajua atafute nini."

Nikampenda hapo hapo, Hyasinta akatolewa damu. Wageni waliomtangulia wote walituahidi mabati, hatukuyaona.

Masika ikaingia, barabara ikawa utelezi mtupu. Mama Otmari kila asubuhi, "Dada, damu yenu imeshafika Ulaya?"

Binti akaja kwa miguu, matope mpaka magotini. Akaomba aone mtoto anapolala.

Kwetu baridi, jamani. Watoto wanalala jikoni, chini, karibu na moto, na mbuzi upande wa pili. Akachokonoa ufa wa ukuta kwa kijiti, akatoa papasi, kadudu kama kupe kanakonyonya watu usiku, akamweka juu ya jani.

"Damu ya Hyasinta ilishakutana na ugonjwa wa huyu. Sisemi leo anaumwa. Homa ikirudi, mpeleke siku hiyo hiyo, waambie watafute homa ya papasi, si malaria peke yake."

Ikarudi. Nikambeba mpaka zahanati, nikawaambia hivyo hivyo. Mganga akatazama damu yake kwa darubini, akamwita mwenzake naye aone: homa ya papasi kweli. Mtoto akapata dawa inayomfaa.

Kitanda nikamchongeshea, mbuzi nikawajengea banda lao. Mtihani alifanya.

Mama Otmari akaja kimya kimya kuuliza yule binti anapita tena lini.

Nilichojifunza: anayetaka kupima watoto wenu, muulizeni kama jibu atalirudisha, na asiyejua aseme hajui. Nanyi mnaolaza watoto chini jikoni mpaka leo, semeni hapa papasi mnawafanyaje. Wa kubisha abishe, ila kwa adabu.