Triptofani Ilivyoniumbua Kau

Nichekeni sasa hivi mkiwa wengi, tumalize, maana kunichekea pembeni mmoja mmoja ndiko kunakoniumiza. Aibu niliyoipata Kau haifichiki tena, kuna wazee wa kule wakinikuta sokoni wananiuliza hali ya tumbo kabla hata ya salamu.

Mimi ni fundi simu hapa Garsen, na fundi simu akikosa wateja husoma mtandaoni, na akisoma sana hujiona daktari. Wiki ile nilikuwa sipati usingizi kabisa. Mpwa wangu Jilo, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuwa amenichagua mimi niwe mshenga wake, niende Kau kumposea Mwanajuma, msichana aliyemsubiri miaka mitatu. Babake msichana, Mzee Athumani, alikuwa ametuma ujumbe kwamba posa anaipokea mara moja tu, ikiharibika imeharibika. Isitoshe, ukoo ule una desturi yao: mshenga akishaketi mkekani hainuki mpaka apewe jibu, akiinuka kabla ya jibu basi ameinuka na posa yake, kwaherini. Sasa na mzigo kama huo nani atalala?

Ndipo simu ikanifunulia siri kubwa ya dunia. Kumbe kuna kitu kinaitwa triptofani, ni asidi amino, na mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, lazima uile kwenye chakula, mayai, samaki, kunde, mbegu za maboga, maziwa. Ukishaila, mwili unaitumia kutengeneza vitu vya kutuliza moyo na kuleta usingizi. Yote hayo ni kweli, sikatai, na mtu mwenye akili angekula yai moja akalala zake. Lakini mimi (kichwa hiki mnachokiona) nikapiga hesabu yangu: maziwa yana triptofani, ng'ombe ni mdogo, ngamia ni mkubwa, basi triptofani ya ngamia si itakuwa kubwa vilevile? Profesa mzima!

Jioni nikaenda kwa Mama Halima, anayeuza maziwa ya ngamia pale karibu na stendi, nikaagiza lita mbili. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe mtu ya mto," akasema. "Hii maziwa tumbo yako haijui. Kunywa kikombe moja leo, kesho uone."

"Mama, hii ni sayansi," nikamjibu, halafu nikamsomea habari ya asidi amino mpaka mteja aliyekuwa nyuma yangu akaondoka. Yeye maziwa hayo ameyanywa tangu azaliwe, mimi nimeyasoma tangu saa nane mchana, nikaona anayefaa kufundishwa ni yeye.

Nilikunywa lita moja nikalala fofofo. Asubuhi nikaamka nimechangamka, moyo mweupe, na kwa furaha hiyo nikaimalizia na ile ya pili, ili nitulie zaidi mbele ya wakwe. Mimi na Jilo tukapanda bodaboda mpaka kivukoni, tukaingia mtumbwini, mimi nimevaa kanzu nyeupe (nyeupe, jamani!), na hatujafika mbali tumbo likanguruma, mpiga kasia akageuka kutazama kama ni kiboko. Nikamwomba atuweke kando kidogo. Akanionyesha mamba watatu waliolala ukingoni, akaniuliza niteremkie kwa yupi.

Tulipofika Kau nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba mayai mapajani. Tukakaribishwa, nikaketi mkekani. Hotuba niliyoifanyia mazoezi wiki nzima, yenye mashairi na nini, nikaimaliza kwa pumzi mbili. Wazee wakatazamana. Kisha Mzee Athumani akakohoa, akaanza kujibu, na alianza na babu yake aliyezaa babu yake. Ukoo mrefu mashallah! Jasho linanitiririka, Jilo amenikazia macho kutoka mlangoni, mimi najibana, najibana, na mzee alipofika kwa shangazi yake wa Kipini, nikainuka.

Sikuinuka tu, nilikimbia. Nikapita uani, wanawake wakaachia miiko, na Mwanajuma mwenyewe, bibi harusi mtarajiwa, ndiye aliyeninyoshea kidole kunionyesha choo kilipo. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mzee Athumani: "Basi. Mshenga ameondoka na posa yake."

Nikiwa mle ndani ya choo cha makuti nilisikia Jilo akisema, "Mjomba jamani," kwa sauti ya chini, hata hakukasirika. Hiyo iliniuma kuliko tumbo. Dada yangu aliniachia mtoto mmoja tu nimwangalie, na mimi nilikuwa nimemharibia maisha kwa ajili ya kujifanya najua.

Kisha ikaja bakora, ko, ko, ikasimama nje ya makuti. Alikuwa bibi yake Mwanajuma.

"Ewe mshenga! Umenwa nini?"

"Maziwa ya ngamia, bibi."

"Kadiri gani?"

"Lita mbili."

"Kwa nini?"

Hapo ningesema uongo, lakini sikuwa na nguvu. "Nilitaka triptofani, bibi," nikasema, na kwa kuwa aliuliza ni kitu gani, nikamweleza yote, faida zake, usingizi, moyo kutulia, huku tumbo langu likidakia kila sentensi na ua mzima ukisikiliza. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaomba ashikwe.

Bibi akangoja watulie, akamwita mwanawe. "Athumani! Mshenga amesimama?"

"Hapana, mama," mzee akasema, kwa shida. "Amechutama."

"Basi ni kama ameketi. Mpe jibu lake papo hapo alipo."

Na wallahi, posa ya Jilo ilikubaliwa hivyo, Mzee Athumani amesimama nje ya choo anakamilisha ukoo wake wote, bila kuruka mtu, mimi ndani nikiitikia "naam, mzee" kila alipopumua. Harusi ilifana, sifa ni za bibi. Nami nimeapa kwamba nikikosa usingizi tena, nitakesha.