Nani Alinibadilishia Kichwa cha Monopodi?

Lenzi yangu ilijiinamia yenyewe mbele ya viboko wanaopigana. Taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani.

Halafu ikageuka kwa nguvu, kamera ikanichomoka mkononi, vyote vikapiga bampa la gari na kuishia kwenye mawe.

Sikuteleza. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nimesimama pale pale, na kila skrubu niliikaza mwenyewe.

Naitwa Agatha. Napiga picha hapa Mpanda, naishi Shanwe. Naandika hii nikiwa bado nimewaka, kwa hiyo msitegemee lugha laini.

Kwanza mjue hiyo lenzi ilitoka wapi.

Mama yangu analima Sibwesa. Aliuza mavuno ya msimu mzima ili niinunue, tena ya mtumba, kwa mzee mmoja aliyestaafu kupiga picha za wanyama.

Ni zito hilo dude, kama mtoto wa kubeba mgongoni. Ukilishika kwa mikono mitupu, dakika chache tu mabega yanatetemeka na picha zote zinatoka ukungu.

Kiangazi cha mwaka huu mama Immaculata akanipigia. Ana kambi ndogo ya watalii karibu na hifadhi, alitaka picha za viboko za kutangazia biashara yake.

Alituita wawili. Mimi, na Cletus, jamaa mwenye studio hapa mjini.

"Agatha, wewe ndiye unajua haya mambo ya lenzi kubwa," akaniambia. "Niagize stendi gani?"

"Ya miguu mitatu itatusumbua, mama. Agiza monopodi, ile ya mguu mmoja. Ila mguu uwe mnene, ubebe uzito mara mbili ya mzigo wangu. Sio vile vya kupigia selfi."

"Sawa. Na kichwa chake?"

"Hapo ndipo penyewe. Usiniletee kichwa cha gololi. Gololi inalala kila upande, lenzi nzito ikiegemea pembeni kidogo tu inaondoka na kamera yote. Nataka kile kinachoinama mbele na nyuma, basi. Pembeni nitainamisha fimbo mwenyewe."

Akacheka. "We binti una akili wewe."

Nilifurahi, nisiwafiche. Yule mama nilikuwa namwangalia kama mfano wangu. Mjane, kajenga kambi yake kwa jasho, wanaume wote wanamwita bosi.

Siku ya kazi ikafika. Dereva alikuwa Zablon, wa pale pale kambini. Mbele amekaa askari wa hifadhi na bunduki yake, nyuma mimi, Cletus na mama Immaculata.

Tulipofika mahali pa kushukia, karibu na Ikuu, humo humo hifadhini, Cletus akanipa boksi. Nikafungua.

Mguu mnene, mzuri. Juu yake, kichwa cha gololi.

Tena kimechubuka, kimeshatumika mpaka kimechoka.

"Hiki ni nini?"

Cletus akaangalia pembeni. "Dukani kile chako kimekosekana. Wametupa hiki cha kushikizia."

"Mama, hiki hakifai. Nilisema kabisa."

"Agatha, jamani, usianze," mama Immaculata akasema. "Viboko ndio hao wanapigana. Tumia tu."

"Lenzi itaanguka."

"Si ukaze vizuri? Au nimpe Cletus nafasi yako?"

Mbele yetu mto ulikuwa umebaki dimbwi la tope. Viboko wamejazana mgongo kwa mgongo, madume mawili yanafunguliana midomo, damu inaonekana.

Nikakaza. Nikakaza mpaka vidole vikauma. Mkanda nikauzungusha mkononi.

Nikapiga picha kadhaa. Dume moja likakimbilia kulia, nikalifuata.

Gololi ikaachia.

Kilichofuata nimeshawaambia.

Nilipiga magoti nikaokota. Kioo cha mbele kimepasuka, kwa ndani kuna vitu vinacheza kama mchanga kwenye kopo. Nilimwona mama yangu ameinama shambani na jembe lake. Nikalia kwa sauti, askari akaniambia ninyamaze, wanyama wako karibu.

Na yule bosi wangu unajua alisema nini?

"Ndio maana kazi nzito huwa nawapa wanaume."

Hakuna pole. Hakuna "umeumia?" Zablon akanirudisha Mpanda, wao wakabaki kambini wakisubiri gari lirudi waendelee na viboko.

Njiani Zablon alinionea huruma. "Dada, hata mimi nilisikia unakataa. Sote tulisikia."

Kesho yake nafungua simu, nakuta Cletus ameposti. Amejipiga picha, viboko nyuma yake, ametabasamu kama bwana harusi. Pembeni yake kuna monopodi.

Nikaikuza ile picha.

Kichwa kipya. Kile kile kinachoinama mbele na nyuma tu. Kile nilichokichagua mimi!

Niliona giza. Nikapanda bodaboda mpaka studio kwake, hata kandambili sikubadilisha.

"Cletus! Mwizi mkubwa wewe! Umenivunjia lenzi ya mama yangu!"

Wateja walikuwepo, mtoto wa kipaimara amevalishwa gauni jeupe anasubiri kupigwa picha. Sikujali.

"Dada Agatha, tuongee ndani..."

"Tunaongea hapa hapa! Uliniambia kimekosekana!"

Jasho likamtoka. Akatoa simu, akatafuta, akaniwekea sikioni.

Ilikuwa sauti ya mama Immaculata.

"Cletus, mzigo umefika, nenda stendi ya mabasi kauchukue. Kile kichwa kipya funga kwako, Agatha mwekee kile chako cha zamani. Lenzi yake yenyewe mtumba. Akiuliza, sema dukani kimekosekana."

Nikasikiliza mara ya pili.

Nilimwendea mwizi, kumbe mwizi ni yule niliyekuwa nataka kufanana naye.

"Na wewe ulijua," nikamwambia Cletus. "Ulijua itaanguka, ukakaa kimya."

"Ningekataa angeninyima kazi."

"Kwa hiyo ikavunjika yangu."

Akamwita yule mtoto wa kipaimara aje apigwe picha.

Nikaenda kambini. Mama Immaculata alikuwa anakunywa chai na wageni wake. Sikusubiri akaribishe.

"Kwa nini, mama? Sauti yako kwenye simu ya Cletus nimeisikia."

Akaweka kikombe chini. Hata hakukana.

"Cletus ni mtu wa kudumu. Wewe kesho utaolewa Mishamo huko, nitakupata wapi? Kifaa kizuri nampa mtu nitakayebaki naye."

"Ulinitumia kuchagua, halafu ukaninyima nilichochagua."

"Usinipigie kelele mbele ya wageni."

"Basi tutapigiana mbele ya mtendaji wa kata."

Akacheka. Alijua sina ushahidi, ile sauti iko kwenye simu ya mtu anayemwogopa.

Siku ya shauri nikaenda na Zablon. Akaeleza aliyoyasikia pale mtoni, huku akijua kazi ya udereva anaiaga. Mama Immaculata akasema dereva amehongwa.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Cletus.

Akaweka simu mezani, akaifungulia sauti mpaka mwisho. Hakuniangalia hata mara moja.

Mama Immaculata aliamriwa kutengeneza lenzi yangu, na ameitengeneza. Samahani hajasema mpaka leo. Zablon alifukuzwa wiki ile ile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko lenzi. Cletus akinisalimia namjibu. Kikombe cha chai sinywi naye.

Nyie mnaobeba lenzi nzito, chukueni hili. Mguu mnene, kichwa kinachoinama mbele na nyuma, na kabla ya kazi ukisukume kwa mkono wako uone kama kinateleza.

Na ukishasema kwa mdomo wako kwamba kitu hakifai, halafu mtu mwenye cheo akakwambia "tumia tu", usitumie. Funga begi, kaa garini, akuite mkaidi, kazi ampe mwingine.

Mtu anayekwambia "tumia tu" hasara haitakuwa yake, na anajua hivyo.