Mlango wa Mzee Madenge

Nakumbuka siku mzee mmoja alipotolewa nyumbani kwake mara mbili kabla ya adhuhuri. Mara ya kwanza aliondoka kwa agizo la serikali. Mara ya pili aliondoka kwa sababu kamera yetu ilikuwa imekwama.

Mwanangu, riwaya yako ya kwanza nimeisoma yote. Umeniambia pia kwamba televisheni imekuchukua uwe mtangazaji wa vipindi vya maisha ya watu, na wiki ijayo unaanzia Ruaha, kwa wakata miwa. Nimefurahi. Nimezipita njia hizo mbili pamoja, ya kalamu na ya kamera, na najua panapoteleza.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Huku bara hatukuwa na televisheni. Filamu zilizungushwa kwa gari la sinema, watu wakazitazama uwanjani. Nilikuwa mwalimu Kilosa, nimechapisha riwaya moja, na kitabu hicho ndicho kilichonipatia kazi ya kusimama mbele ya kamera na kueleza. Nilikuwa kijana wa suruali iliyonyooshwa vizuri, nikiamini kwamba kila ninachokitazama kilikuwa kinanisubiri mimi.

Tulipanda kilima juu ya Mikumi, mimi na Salehe, mpiga picha. Mzee Madenge alikuwa anahamia kijiji kipya kando ya barabara kuu. Lori lilikuwa limeshapakiwa: kinu, kitanda cha kamba, kuku ndani ya tenga. Mkewe, Mama Agata, alisimama hatua mbili tu kutoka mlangoni. Mzee akafunga mlango, akaweka kiganja juu ya mbao, akasema maneno machache ya Kividunda kwa sauti ya chini. Kisha akashuka bila kugeuka.

Salehe akainua kichwa. "Mwalimu, mkanda umekwama. Hatukupata kitu."

Ningeweza kusema basi. Badala yake nilimkimbilia mzee.

"Shikamoo tena, mzee. Tunaomba urudi ndani, utoke upya."

"Marahaba. Nimesahau kitu?"

"Hapana. Ni mashine yetu."

Vitu vikateremshwa. Kinu kikarudi, tenga likarudi, kuku mmoja akatoroka. Balozi wa nyumba kumi akasema, "Wenzako wanahama mara moja, Mzee Madenge. Wewe una bahati." Watu wakacheka. Nami nilicheka, mwanangu. Hilo silifichi.

Mzee akatoka tena. Nilimwomba atabasamu, akatabasamu. Akafunga mlango, akaweka kiganja. Kimya.

"Na yale maneno, mzee?"

"Niliokuwa nawaambia wameshasikia. Hayasemwi mara mbili."

"Ni kwa ajili ya filamu tu."

Akaondoa kiganja mlangoni. "Nasikia wewe unaandika vitabu pia."

"Ndiyo, mzee."

"Na humo kitabuni nitahama mara ngapi?"

Tulishuka na mkanda wetu. Filamu ilisifiwa. Hata leo, sherehe za uhuru zikikaribia, televisheni huonyesha tabasamu lile, na sauti yangu ya ujana inasema kwamba mzee huyu anaondoka kwa furaha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilijaribu kuyazoa hata hivyo. Nikaanza riwaya ya pili, nikamtungia mzee maneno ya kuagana na nyumba yake, ukurasa mzima, mazuri mno kwa maoni yangu. Nikarudi Mikumi kumsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Huyu anasema vizuri kuliko mimi," akasema. "Sasa mimi nipo wapi?"

Hakukasirika. Aliniambia nisiondoke na njaa. Nilirudi Kilosa nikaufuta ukurasa ule wote. Kitabu kilitoka na mtu anayefunga mlango, midomo yake ikicheza, na msomaji hasikii kitu. Mchapishaji alilalamika kwamba pale pana pengo. Nikamjibu kwamba lipo.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikupa kitu chake mara moja, usimdai tena kwa sababu chombo chako kimekwama. Mkata miwa akifuta jasho nawe hukuliwahi, basi hukuliwahi. Simama mbele ya kamera useme hivyo, watazamaji hawatakufa. Kitabuni tunga watu utakavyo, hiyo ni kazi yetu. Lakini mtu uliyekutana naye, mwenye mlango wake na kinu chake, usimwazime kinywa chako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akiinama akakuta mwenyewe amekishika, akiache.

Nenda salama. Mungu akupe jicho la kuona na haya ya kugeuza uso. Kazi yako ipendwe na wale uliowapiga picha kabla ya wengine wote.

Ukifika Mikumi, mpitie Mama Agata, umpe shikamoo zangu. Mzee tulishamzika. Baada ya matanga nilishindwa kujizuia, nikamuuliza mama yule kama siku ile aliyasikia maneno ya mlangoni.

"Niliyasikia," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Wewe usimuulize.