Maji ya Udhu

Siku ya tatu baada ya kupigwa leza ya macho, jicho langu la kulia lilikuwa bado linaona ukungu. La kushoto lilishasafika. Dirishani kwa shangazi, ghorofa ya kumi na saba hapa mtaa wa St. James Town, ughaibuni, niliweza kuwahesabu njiwa juu ya paa la mbele. Nikilifumba hilo, njiwa na paa vinakuwa kitu kimoja.

Nimeosha vyombo, nimepaka rangi nyumba za watu, nimelinda magari mtaa wa Malvern. Nilichokuwa nakitaka sasa ni kuendesha lori, niione nchi hii yote. Jicho lisiposafika, leseni sipati.

Daktari nilimchosha kwa maswali. Kile kifuniko chembamba alichokikata juu ya kioo cha jicho kinashikaje bila kushonwa? Akasema kinajishikilia chenyewe, ila nisikitie maji wiki nzima.

Mchana huo hofu ilinizidi, nikataka kusali. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nikafungua bomba, mikono ikaendelea yenyewe: viganja, mdomo, pua, uso. Uso mara tatu. Ya tatu ndipo nikakumbuka, na jicho lilishaanza kuwaka.

Shangazi alinikuta nimekaa bafuni.

"Umefanya nini?"

"Nimetawadha."

"Wewe?" Akaanza kucheka, akaniangalia, akaacha. "Si ungetayamamu, mwanangu? Mgonjwa unatumia udongo."

"Sijui, shangazi. Chuo cha Kurani nilitoroka tukiwa bado kwenye somo la maji."

"Skuli ulitoroka, chuo ulitoroka. Na maswali yote yale, hili hukuuliza!"

Kwenye teksi alinishika mikono yote miwili nisijikune. Daktari aliinama kwenye mashine yake muda mrefu. Kifuniko kimejikunja pembeni, akasema, akakinyanyua, akakinyoosha, kisha akalifunika jicho kwa ngao ya plastiki. Ni maji? Huenda. Huenda kilikuwa hivyo tangu mwanzo. Tungoje wiki.

Tuliporudi, shangazi aliingiza ndoo yake ya mchicha kutoka roshani. Akanigongesha viganja kwenye udongo.

"Daktari kakataza na vumbi, shangazi."

Akasita. Kisha akavipuliza viganja vyangu, akavipuliza tena mpaka havikubaki na kitu, akavipitisha mwenyewe usoni pangu, taratibu, akiikwepa ngao.

Nilisali. Asubuhi niliitoa ngao, nikafumba la kushoto, nikatazama paa la mbele. Kulikuwa na vitu vyeupe. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa, nikingoja kimoja kiruke.