Meli ya Munyaka na Viatu vya Mama

Mimi nilienda Kaptagat kununua injini. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu mke wangu akisimulia haya mambo huwa anaanza na maneno mengine.

Shamba moja la mzungu wa zamani lilikuwa limeuzwa. Mwenyewe alishazikwa, watoto wako ng'ambo, na vitu vya ghalani vilikuwa vinapigwa mnada. Nilikuwa nimesikia huko kuna injini ya dizeli ya silinda mbili, ile aina ya zamani isiyojua kufa. Nimetengeneza mashini za kusaga posho miaka arobaini, na masomo yangu ni darasa la tatu, tena sikulimaliza. Injini kama hiyo naijua kwa harufu tu. Nikainua mkono. Hakuna mwingine aliyeinua. Nikaambiwa ni yako mzee, chukua. Kwenda kuichukua, nikaikuta imefungwa ndani ya meli.

Naiita meli kwa sababu sisi watu wa huku juu hatuna jina lingine. Ilikuwa mashua ya starehe ya mbao, futi ishirini na nne, na kibanda chenye madirisha ya duara, vitanda viwili, jiko dogo la kupikia chai, na usukani mkubwa kama wa lori la zamani. Yule mzungu alikuwa akiiendesha ziwani enzi zake, halafu akazeeka, akaileta nyumbani izeeke naye. Nikapewa msumeno nikate mbao nitoe injini yangu. Nikaingia ndani na msumeno. Nikakaa penye usukani kidogo tu, kupumzika. Nikaushika. Msumeno niliurudisha bila kukata chochote.

Trekta ya shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, ndiyo iliyoivuta mpaka plot yetu ya Munyaka, Eldoret. Tuliingia tukiwa tumekokota kamba ya kuanikia ya jirani pamoja na nguo zake. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko.

"Si ulienda kuleta injini?"

"Iko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya hiyo."

Akaizunguka yote, pole pole, akiigonga kwa mwiko kama daktari. "Hii ni mvule," akasema.

"Ni mvule," nikasema, nikafurahi kwamba ameona.

"Na imekauka vizuri. Itaivisha."

Hapo nikaelewa. Kitinda mimba wetu alikuwa anaolewa Agosti, wageni wote wanakula kwetu, na tangu Januari huyu mama alikuwa anatafuta kuni kavu kama mtu anayetafuta dhahabu. Nikamwambia hii haichomwi, hii itaelea. Shemeji akacheka mpaka akashika gurudumu la trekta. Mke wangu hakucheka. Akanyoosha mkono.

"Mzee, mimi si mtu mbaya. Kabla ya harusi, niweke kwa maji nikiwa na viatu vyangu vya kanisa. Maji yakifika kwa kiatu, hii kitu inapika pilau."

Tukashikana mikono. Shemeji akawa shahidi, na akasema wazi kwamba yeye yuko upande wa pilau.

Sasa nisikudanganye, sehemu ngumu niliimaliza haraka. Mbavu sita za meli zilikuwa zimeoza. Nikaendea nguzo kuukuu za ua za mutarakwa kule Timboroa, mti ambao hata mchwa anaupita akiwa na haraka, nikachonga mbavu mpya kwa shoka na randa. Injini nilifungua siku mbili. Siku ya tatu ikakohoa, ikatema kiota cha panya, halafu ikaanza kuimba. Wamama wawili wakaja na mahindi kwa debe wakiuliza tunasaga saa ngapi.

Kilichonishinda ni kitu kidogo, nafasi kati ya mbao. Hewa yetu hukausha mpaka ulimi, na hiyo meli ilikuwa imekaa ghalani miaka. Ungeweza kupitisha shilingi kati ya ubao na ubao. Mimi nikafanya kile fundi yeyote wa Eldoret angefanya. Nikanunua udongo wa kushikilia vioo vya dirisha, nikajaza kila ufa, nikasukuma kwa kisu mpaka ikawa laini kama shavu. Nikapaka rangi nyeupe. Nikaita watu. Nikamwaga maji ndani ili waone hayatoki.

Yalitoka. Yalitoka kila mahali, kwa mistari, vizuri kabisa.

Shemeji alikuwa amekaa kwa kigoda na kikombe cha chai. "Umetengeneza kitu cha kunyunyizia sukumawiki," akasema. "Hiyo ungeuza."

Nikaendelea kumwaga maji kwa hasira siku mbili zaidi, na huo udongo ukaanza kudondoka wenyewe, kipande kwa kipande, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikakaa juu ya meli. Mimi mtu ambaye hajawahi kushindwa na mashini nilikuwa nimeshindwa na ufa.

Chini yangu mke wangu alikuwa anagonga jembe kwa ngazi ya mlango. Lilikuwa limelegea kwa mpini. Akaligonga, akalitikisa, akalitumbukiza kwa ndoo ya maji na kuliacha humo. Kisha akaangalia ndoo, akaniangalia mimi.

"Mzee. Jembe likilegea unalipeleka wapi?"

"Kwa maji."

"Unaweka udongo wa dirisha?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Si mti utavimba ujikaze wenyewe."

"Basi mbona unaisumbua hiyo mbao? Iloweke. Itavimba ijifunge." Halafu akafunika mdomo kwa mkono. "Ngai. Nimejinyang'anya kuni." Akaingia jikoni, na nikasikia anacheka peke yake huko kwa muda mrefu.

Nikakwangua udongo wote. Kwa nafasi nikaweka nyuzi za katani nilizopaka mafuta ya mkia wa kondoo, bila kukaza, nikiacha mbao nafasi ya kunenepa. Sasa kilichobaki ni maji, na maji mengi. Hapo watu wakanisaidia bila kujua. Kila aliyepita kwa geti alikuwa na mzaha wa Nuhu. Wa kwanza nilicheka. Wa tano nikatangaza sheria: anayemtaja Nuhu anabeba madebe mawili kutoka kwa tangi na kuyamwaga ndani. Jirani alibeba. Mwalimu mstaafu alibeba mara tatu, hakuweza kujizuia. Pasta aliniita Nuhu kanisani, ndani ya mahubiri, mara nne, na Jumatatu alifika kwangu akiwa amekunja suruali, akabeba madebe manane bila kulalamika.

Halafu mvua ya Aprili ikaja ikamaliza kazi. Niliivua meli turubai, nikaiacha inywe. Wiki ya kwanza ilivuja kama kawaida. Wiki ya pili ilidondoka. Wiki ya tatu niliamka nikakuta plot imekauka chini ya meli na ndani maji yamefika kiunoni, na mabata wa mke wangu wanaogelea humo kama wenye nyumba. Nilikuwa na meli inayoshika maji, ila kwa ndani. Sikujali. Nilivaa gambuti, nikaingia katikati ya hao mabata, nikashika usukani, nikakata kona kuelekea choo cha jirani. Mtu wa miaka yangu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi moja ya Julai. Asubuhi tulitoa maji na mabata, tukaiweka kwa trela na kuivuta mpaka bwawa la ng'ombe la jamaa mmoja njia ya Kaptagat. Trekta ilikuwa inakwenda polepole hivi kwamba wakimbiaji waliokuwa kwa mazoezi walitupita kwa miguu. Mmoja akaipiga meli kofi kwa ubavu akasema, "Mzee, ongeza mwendo."

Shemeji akarudisha trela nyuma ndani ya maji. Kitu kilichokuwa kikivunja springi za trela kikainuka, chepesi, kikatikisika kidogo kama ndama amesimama mara ya kwanza.

Mke wangu akapanda. Viatu vyeupe vya kanisa, mkoba, kitambaa kipya kichwani. Shemeji akabaki ufukoni na watu waliokuja kutazama, shoka begani, na alilitia makali asubuhi hiyo, aliniambia mwenyewe.

Nikawasha. Tukaondoka. Ng'ombe waliokuwa wanakunywa waliinua vichwa, midomo ikidondosha maji, wasijue wafikirie nini.

"Hii inapinda?" mke wangu akauliza.

"Inapinda."

"Nipe."

Akakaa penye usukani, akapinda kushoto, akapinda kulia, akafanya mduara mzima, na kicheko kikamtoka ambacho sijakisikia tangu nilipokuwa nikimchumbia. Nikageuka kuangalia injini. Hapo nyuma, pale chuma cha pangaboi ya kusukuma meli kinapotokea, maji yalikuwa yanaingia, si mengi, lakini yanaingia. Tukienda kasi yalikaa nyuma. Tukipunguza, yatakuja mbele, penye viatu.

"Mama," nikasema, "usipunguze moto."

"Nataka kuwasalimia watu."

"Wasalimie ukiwa na mbio."

"Usiniongeleshe, naendesha."

Akapunguza. Akapunga mkono kwa watu ufukoni. Maji yakateremka kwa sakafu kuja mbele, taratibu, mstari mwembamba unaong'aa. Nilinyakua sufuria ya chai nikapiga magoti nyuma yake nikaanza kuchota na kumwaga nje. Yakanipita. Yakabaki shubiri moja kufikia viatu, yakabaki vidole vitatu.

Mke wangu hakuangalia chini. Macho yake yalikuwa mbele, mikono kwa usukani. Aliinua tu mguu mmoja, akauinua na mwingine, akaikunja yote miwili juu ya benchi chini ya sketi, kama msichana anayeota moto. Maji yakapita mahali viatu vilipokuwa.

Shemeji akapaza sauti kutoka ufukoni. "Dada! Viatu?"

Akatoa mguu mmoja nje juu ya ukingo wa meli, akauonyesha, akaurudisha. Akatoa wa pili.

"Kavu," akasema. "Katafute mti wa blugamu upasue kuni." Kisha akageuza usukani kuelekea katikati ya bwawa tena. "Na wewe mzee chota polepole, unaitikisa."