Sauti ya Mama Jikoni

Nina masikio ya kwaya. Wimbo nikiusikia mara moja kanisani kigangoni, jioni naweza kuuimba kwa sauti zote nne, na kinanda kikizimika umeme unapokatika, mimi ndiye ninayeombwa kuanzisha. Watu wa Kibaoni husema nimemrithi mama, aliyeimba sauti ya pili mpaka kifua kilipoanza kumsumbua. Nilikuwa naringa, sikatai.

Dada yangu hana masikio hayo. Mwalimu wa kwaya alimwondoa wiki ya pili ya mazoezi, akamwambia sauti yake inawapoteza wenzake. Nilicheka pamoja na wengine. Mama hakunisemesha siku nzima.

Sasa ni mwaka tangu tumzike mama. Nyimbo zake zote ninazo, hata mahali alipovuta pumzi katikati ya neno napajua. Lakini siku moja, nikipalilia mpunga, nilijaribu kumsikia akiongea tu, akituita kula. Maneno yalikuja kwa sauti yangu mwenyewe. Nikakaa kwenye tuta la jaruba, nikaogopa kweli.

Simu yangu ina rekodi za kwaya. Namtambua mama kati ya watu thelathini bila shida, ila humo anaimba tu. Hakuna aliyewaza kumrekodi akifukuza kuku.

Juzi dada alikuja kutoka Mpanda mjini. Tukiwa jikoni nilimweleza. Sikutegemea msaada, nilitaka tu kulia mbele ya mtu.

"Si wewe ndiye mwenye masikio?" aliuliza, akiendelea kuchambua mchele. Halafu, bila kuinua kichwa, akaita: "Nyie, mpaka niwaite mara ngapi? Ugali unapoa."

Alikuwa mama. Ule mkwaruzo, ile "nyie" ya kuvuta, na ule uchovu wa mwishoni.

"Umejifunza wapi?"

"Sijajifunza, mdogo wangu. Nyie mlikuwa mazoezini, mimi nilikuwa naye jikoni."

Nikatoa simu nimrekodi. Akaona aibu, ikatoka sauti yake mwenyewe. Nikajaribu mimi, ninayeshika wimbo kwa kuusikia mara moja. Nilijaribu mpaka wali ukaiva, na kila mara nilikuwa naimba.

Asubuhi dada alipanda basi kurudi mjini, na mama akaondoka naye.