Kidole Kilichozima Kompyuta

Mwaka wa 2007 nilijiunga na chuo kidogo cha kompyuta mjini Nakuru. Sheria ya kwanza ilikuwa viatu vibaki mlangoni. Madam aliyetufundisha alisema vumbi la Nakuru huua kompyuta haraka kuliko virusi.

Soksi zangu zilikuwa zimetoboka, na kidole gumba cha mguu wa kulia kilichungulia nje kusalimia watu, kazi ambayo mimi mwenyewe niliiogopa. Nilikuwa nimeishia darasa la nane, tena nina haya.

Jirani yangu wa meza, kijana wa mtaa wa Free Area, alibonyeza kila kitu huku akipiga domo. "Boss, hiyo mashine haiumi!" aliniambia. Mimi nilibonyeza herufi moja, nikaangalia kama nimeharibu kitu, nikahifadhi, ndipo nikatafuta ya pili.

Siku moja Madam akatangaza mtihani. Tupige chapa barua, na atakayemridhisha aajiriwe katika ofisi yake ya kupiga chapa. Niliitaka kazi ile sana. Nyumbani walishaanza kusema niende Naivasha kukata maua mashambani. Tena kwenye ofisi ile watu walifanya kazi wakiwa na viatu.

Siku ya mtihani jirani yangu alimaliza mapema, akaanza kutusimulia alivyomaliza. Mimi nilikuwa bado kwenye mstari wa tatu wa barua. Madam akaja upande wetu. Nikairudisha miguu nyuma haraka nifiche kidole, nacho kikakanyaga swichi ya soketi ya pamoja iliyolala sakafuni. Kompyuta zote zikazimika.

"Stima imepotea!" mtu akapiga kelele. Lakini taa ilikuwa inawaka. Madam akainama chini ya meza.

"Hiki kidole ni cha nani?"

Kompyuta zilipowaka tena, barua za wenzangu wote zilikuwa zimepotea. Yangu ilikuwepo, mistari yake mitatu.

"Amefanya makusudi, Madam! Ametuzimia abaki peke yake!" wenzangu wakalalamika.

"Jitetee," Madam akaniambia. Nikainama kuvuta soksi ifunike kidole.

Jirani yangu akasimama. "Madam, huyu apange njama? Juzi alibanwa na haja humu ndani, akakaa anatetemeka mpaka kipindi kikaisha. Kuomba ruhusa tu kulimshinda!"

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani sakafu inimeze, lakini kesi ikaishia hapo. Madam alisoma mistari yangu, hakuona kosa.

"Wewe utapiga chapa," akasema. Kisha akamgeukia jirani yangu. "Na wewe utapokea wateja, maana huyu atawafukuza kwa kunyamaza."

Jumatatu nilifika kazini viatu vimeng'arishwa mpaka unaweza kujitazama. Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni, anacheka peke yake. Nyuma yake palikuwa na zulia jipya, na kando ya mlango viatu vimepangwa.

"Karibu, boss. Madam amehamishia sheria huku."

Nikainama kufungua kamba, polepole. Soksi zilikuwa zilezile.